Vyombo Vimejaa na Mwili Hautaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Sonona na Kazi za Nyumbani

Naishi Temeke, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, bomba moja na choo kimoja cha uani. Niliugua sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni na kukosa hamu, nikiwa kwenye nyumba hiihii. Tangu nilipoanza kuitaja kwa jina lake, wengi wamenivuta pembeni kuniuliza, kwa sauti ya chini, mambo ambayo hawakuthubutu kumwambia daktari. Kuhusu huzuni hawaulizi sana. Wanauliza kuhusu vyombo, nguo, choo, na ile hofu ya mgeni kupiga hodi wakati chumba hakitazamiki. Haya ndiyo majibu ninayowapa. Mimi si daktari. Ya dawa na vipimo nayaeleza kama nilivyoelezwa kliniki.

Nitajuaje kama hii ni sonona au ni uvivu tu?

Mvivu akiacha vyombo anakwenda barazani kupiga soga, na soga inamnogea. Mwenye sonona anaacha vyombo, barazani haendi, simu ya rafiki yake haipokei, na hata tamthilia aliyokuwa haikosi hajui tena imefikia wapi. Uvivu huchagua cha kukwepa. Sonona huzoa vyote, kazi na starehe pamoja.

Watabibu huangalia muda: huzuni au kukosa hamu kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili nyingine. Dodoso moja linalotumika sana ni la maswali 9, linaitwa PHQ-9; lilitolewa mwaka 2001 na lina tafsiri ya Kiswahili. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 mhudumu huwa anataka kujua zaidi. Katika hayo tisa hakuna swali linalotaja nyumba. Lakini moja linauliza juu ya kukosa hamu ya kufanya mambo, jingine uchovu, jingine kushindwa kutuliza akili, jingine kuwa mzito wa kutembea na kuongea hadi watu wanaona. Mtu mwenye hayo manne, mpe beseni la vyombo, halafu umwite mvivu ukiweza.

Wengine huiita mfadhaiko, wengine msongo wa mawazo, mtaani tunasema tu "ana mawazo". Mimi natumia sonona kwa kuwa ndilo neno alilonitajia muuguzi, na siku ile nililia kwa nafuu. Kumbe kina jina.

Ila usijipe jina hilo peke yako kabla hujapimwa damu. Upungufu wa damu, na tezi ya thairoidi ya shingoni inapofanya kazi chini ya kiwango, huleta uchovu unaofanana sana na huu, na tiba zake ni nyingine kabisa.

Mbona kazini naenda na kazi nafanya, ila nikirudi nyumbani vikombe vitatu vinanishinda?

Swali hili huulizwa na walimu, wauguzi, watu wa dukani. Wote wanadhani wanajidanganya.

Kazini kuna kengele, kuna bosi, kuna mteja amesimama mbele yako. Mwanzo wa kila kazi umeshawekwa na mtu mwingine. Nyumbani hakuna anayekuanzishia. Halafu kuosha vikombe si kazi moja hata kidogo. Unainuka. Unatafuta beseni, limejaa nguo. Unazitoa nguo, huna pa kuziweka. Unachukua ndoo kwenda bombani, maji hayatoki, inabidi uchote kwenye jaba la akiba. Sabuni imebaki kipande. Stilwaya imeoza. Mtu mzima wa afya hupita hatua hizo zote bila kuzihesabu. Sonona hushika palepale: kupanga, kukumbuka cha kufuata, kuamua kati ya mambo mawili madogo. Ndiyo maana unajikuta umesimama mlangoni na beseni mkononi, hujui ulikuwa unakwenda wapi, ukarudi kukaa.

Na nguvu zako za siku nzima umeshazimaliza kule kazini kwa kutabasamu. Hiyo nayo ni kazi, na nzito.

Kila kitu ni kichafu. Nianzie wapi?

Anza na kibichi. Kikavu kinasubiri.

Niliipata kanuni hii kutokana na sufuria. Wakati ule nilisonga ugali Jumapili, nikala matonge mawili, nikatia maji kwenye sufuria ukoko ulainike, nikaisukuma kwenye kona ya chumba. Jumatatu ukoko ulikuwa bado umeshika kama plasta ya ukutani. Jumanne ulikuwa umevimba, mweupe, kingo zimejikunja ndani. Jumatano maji yalishika utando, vipovu vidogo vinapanda, na harufu ya kitu kilichochacha. Alhamisi sikuweza tena kusogea karibu, nikaifunika kwa sahani. Ikakaa hivyo siku tano nyingine. Nilipoifunua hatimaye, jirani yangu kasimama nami, kuisafisha kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Siku zote zile niliyokuwa naiogopa ilikuwa ile sahani juu yake.

Basi, ukiingia chumbani usitazame chumba kizima. Uliza: hapa kipi kimelowa, au kitaoza? Mabaki ya chakula, maganda, nepi, tambara la kudekia, maziwa, taulo bichi iliyorundikwa. Hivyo ndivyo huleta mende, panya, harufu, na kuhara. Vitie mfukoni, ufunge, utoe nje ya mlango. Ukiishia hapo, siku hiyo umefanya usafi. Vumbi juu ya kabati, nguo safi zisizokunjwa, pazia lisilofuliwa, viatu vilivyotapakaa: vyote vikavu, vitakaa mwezi visimdhuru mtu.

Kibichi cha pili ni maji. Mwaga machafu, funika safi. Mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya ndoo, madumu na mapipa, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku 10. Dar es Salaam tuliugua dengi kwa mlipuko mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo si hadithi ya mbali. Mayai hunata kwenye kuta za ndani za chombo. Ndoo iliyokaa wiki isimwagwe tu, isuguliwe kidogo.

Kisha njia. Kutoka kitandani hadi mlangoni pasiwe na kitu cha kukukwaza umeme ukikatika usiku. Huhitaji kufagia, sukuma tu kwa mguu.

Vyombo vipunguze. Acha nje sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja na sufuria moja kwa kila mtu wa nyumba. Vingine vitie kwenye ndoo yenye mfuniko, upandishe juu ya kabati. Mlima wa vyombo hauwezi kuota kwa mtu mwenye sahani moja. Hili ndilo lililonisaidia kuliko yote, na hadi leo sijavishusha vyote.

Nisubiri mpaka nipate hamu?

Ukisubiri utasubiri sana, maana hamu ndiyo hasa iliyougua. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza kwamba mtu akiwa na sonona huacha mambo, na kuyaacha huko humnyima hata vile vifuraha vidogo vya siku, na kukosa hivyo humzamisha zaidi. Tiba iliyotokana na wazo hilo huanza na kitendo, kidogo kabisa, kwa saa iliyopangwa, hamu iwepo isiwepo. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliijaribu sehemu hiyo ya vitendo peke yake, wakakuta imewasaidia wagonjwa kwa kiwango kilichokaribiana na tiba nzima ya kubadili fikra.

Watu wengi wakisikia hivyo wanajiandikia orodha ya kazi ishirini. Sivyo. Vitendo vinavyokusudiwa ni pamoja na vinavyokupa pumzi: kukaa juani kwenye kigoda asubuhi, kusukwa nywele, kumpigia mama simu, kwenda mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa napanga kimoja na kimoja. Nikiosha kikombe, nakwenda kukaa chini ya mwembe wa jirani. Mwembe ulikuwa sehemu ya dawa sawasawa na kikombe.

Saa nayo isiwe ya dakika, inachosha kuhesabu. Tumia kilichopo: kuanzia adhana ya alasiri mpaka swala inapoanza, au muda wa maji ya chai kuchemka. Maji yakichemka, acha, hata kama kijiko kimoja kimebaki.

Na wanaokwambia "jipe moyo, amka ufanye" usiwasikilize. Anayesema hivyo anakudai kazi nzima. Hapa tunazungumzia kikombe.

Jumamosi moja nilipata nguvu nikafanya usafi wa nyumba nzima, kisha nikalala siku tatu. Nimekosea wapi?

Umelipa deni lote kwa siku moja. Sote tunafanya hivyo, kwa sababu siku yenye nguvu ikija tunaogopa haitarudi. Ikija tena, fanya nusu ya unachoweza, nguvu iliyobaki iache mwilini. Kama lazima ufanye zaidi, fanya kitakachokusaidia siku mbaya: jaza maji, nunua sabuni, pika maharage mengi, toa takataka.

Naishi nyumba ya kupanga na zamu ya choo inanishinda. Wapangaji wenzangu wameanza maneno. Nifanyeje?

Hapa nina mengi ya kusema, kwa sababu ndipo nilipoumia zaidi. Chumba chako kikichafuka ni siri yako. Zamu ukiiruka mara mbili, nyumba nzima inajua, na ya tatu inasemwa kwa mafumbo bombani. Hapahapa kwetu, mpangaji mwenzangu mmoja alianza kusugua karo kwa nguvu kila nikipita, akiimba. Niliacha kutoka nje mchana. Nikawa naoga saa nane usiku.

Kwanza, uchafu wa choo ni kibichi kuliko vibichi vyote, na wenzako wana haki ya kulalamika. Ukilikubali hilo moyoni, mazungumzo yanakuwa mepesi, maana hutakwenda kubishana. Pili, mtafute mmoja tu. Usiitishe kikao. Kila nyumba ina mama mmoja ambaye watoto wote hukimbilia kwake. Nenda kwake jioni, vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Huna haja ya kueleza ugonjwa wote. Mimi nilisema hivi: "Shikamoo mama. Siku hizi mwili haunipi, natumia dawa. Zamu ya choo Jumatano naomba mnibadilishie, mimi nitakuwa nafagia uwanja na kutoa hela ya sabuni." Alinitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, mbona hukusema?" Kesho yake maneno ya bombani yalipungua, na sikujua alisema nini wala kwa nani.

Tazama nilivyoomba. Sikuomba kusamehewa zamu, niliomba kubadilishiwa. Watu wengi hukubali kubadilishana kuliko kubeba. Kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa alfajiri kulikuwa rahisi kwangu: hakuna maji, hakuna harufu, hakuna uamuzi, unafuata tu mistari. Wewe pengine ni kinyume. Labda unaweza kukusanya hela ya umeme ya vyumba vyote, au kumlinda mtoto wa mwenzako akienda sokoni. Au lipa kijana wa mtaa akufanyie zamu, na usione haya. Zamu ni choo kiwe safi, hakuna anayepima mkono uliosugua.

Onyo moja la dhati: siku ukipata nguvu ya kusugua choo usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi ili kitakate haraka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na choo cha uani chenye kidirisha kimoja kinatosha kukufanya uanguke.

Sina nguvu ya kupika. Nile nini?

Kula chochote kisichohitaji jiko, na usikidharau. Ndizi mbivu, karanga, mkate na yai la kuchemsha, parachichi, uji uliotengenezwa chupa nzima asubuhi. Kwa mama ntilie kuna wali maharage; kununua sahani moja kwa siku mbaya si ubadhirifu, ni gharama ya ugonjwa kama nauli ya hospitali. Sahani yake kama ni ya kutupa itie palepale kwenye mfuko wa takataka ukimaliza, kama si hivyo mrudishie.

Ukipika, pika mara moja ule mara mbili, ila kiporo kina masharti. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida la chumba, na joto la Dar mnalijua. Kama huna friji, pika cha mlo mmoja. Wali ndio mjanja zaidi: kuna vijidudu vyake huacha sumu ambayo hata kupasha moto haiondoki.

Jambo ambalo nalirudia kwa kila mtu: usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga mlango kwa sababu umechoka kukaa uani au hutaki kuonekana. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Watu hulala nayo wasiamke. Siku ya kutotaka kuonekana ni siku ya ndizi na karanga.

Nguo?

Fua za ndani, sare na shuka. Nyingine anika juani kwa hewa na uvae tena. Zikishakauka si lazima zikunjwe: kapu moja la safi, moja la chafu. Dobi akiwa karibu na una hela, mpe shuka na mablanketi, hayo ndiyo huvunja mgongo. Godoro litoe nje au liinue lisimame dirishani mara moja moja, jua halidai sabuni.

Nashindwa hata kuswali kwa sababu naona nguo zangu na chumba si tohara. Najiona nimemkosea Mungu.

Kina dada kadhaa wameniuliza hili huku wanalia. Tenga kanga mbili na mswala, vifunge kwenye mfuko safi, uvitundike msumarini mbali na kila kitu. Hivyo havivaliwi kwa kazi nyingine yoyote. Sehemu ya kuswalia ni ya upana wa mswala tu, chumba kizima hakijatajwa. Kuhusu udhu na ruhusa za mgonjwa, muulize sheikh unayemwamini, umwambie wazi kuwa unaumwa na uko kwenye matibabu; utashangaa dini ilivyomfikiria mgonjwa. Na kwa Wakristo wanaokosa ibada kwa kukosa gauni lililopigwa pasi, nasema hilohilo: vazi moja, mfuko mmoja, msumari mmoja.

Mama mkwe anasema mimi ni mchafu, wifi anasema nimerogwa. Nitawaelezaje?

Usiwaeleze siku wanayosema. Siku hiyo nyamaza. Mtafute aliye mpole zaidi katika ukoo wa mume, pengine baba mkwe au shemeji mkubwa, au mwombe mume wako azungumze na mama yake mwenyewe, kwa sababu maneno ya mtoto humwingia mama tofauti na ya mkwe. Mwambie mume aje nawe kliniki mara moja. Mume wa rafiki yangu alipomsikia daktari akitaja kukosa usingizi, uzito wa mwili na kusahau, aligeuka akamwambia mkewe, "Hayo yote nilikuwa nayaona." Kumbe alikuwa anayaona miezi minne bila kuyajua ni nini.

Kuhusu kurogwa sitabishana na wifi. Nasema tu: wanaotaka kuomba waombe, na Jumatatu hospitali twende. Wazee wetu wenyewe husema dua huenda na dawa. Ninachokataa ni kufungiwa, kupigwa, au kuachishwa vidonge kwa jina la maombi.

Kama umejifungua karibuni, wasikuambie kila mzazi huchoka. Kuna sonona ya baada ya kujifungua, inatibika, na siku ya kupeleka mtoto kliniki ya chanjo ni nafasi nzuri ya kumwambia muuguzi.

Mimi ni mwanaume, naishi peke yangu geto. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, kaka. Tofauti ni kwamba geto chafu la mwanaume watu hulicheka tu, wakadhani ndivyo mabachela walivyo, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Jitazame kwa kulinganisha na wewe wa mwaka jana. Kama ulikuwa unatandika na sasa hutandiki, kama chupa zimeongezeka chini ya kitanda, mwambie mtu. Pombe huondoa mawazo kwa saa mbili ikayarudisha na riba.

Watoto wasaidie? Naona kama nawaonea.

Kusaidia ni malezi. Wa miaka saba anaweza kuosha kikombe chake na kufunika ndoo. Wa kumi na mbili kufagia na kufua soksi. Kuwaonea kunaanza pale mtoto anapokuwa ndiye mama wa nyumba, anakosa shule, au anakaa macho usiku kukulinda. Waambie kwa maneno mepesi: "Mama anaumwa, anatibiwa, na si kosa lenu." Sehemu ya mwisho irudie hata wasipouliza. Watoto wakikosa maelezo hujitungia, na mara nyingi hujilaumu wenyewe.

Niajiri dada wa kazi?

Kama uwezo upo, ndiyo, hata kwa siku mbili za wiki. Mlipe kwa wakati na usijifiche chumbani anapofika. Mwonyeshe vibichi viko wapi, umwache afanye.

Nimeanza dawa. Nguvu za kufanya kazi zitarudi lini?

Dawa za sonona haziko kama za kuondoa maumivu ya kichwa. Wengi huanza kuona mabadiliko kati ya wiki 2 na 6. Kwangu usingizi ulitangulia, kisha chakula kikawa na ladha, na kazi za nyumbani zilikuja nyuma kabisa. Usihukumu dawa kwa kutazama sinki.

Zilizozoeleka katika hospitali zetu ni pamoja na fluoksetini na amitriptilini. Ya pili huleta usingizi na ukavu wa mdomo, ndiyo maana hupewa usiku. Kama asubuhi unaamka na kichwa kizito hadi saa nne, mwambie daktari, maana saa ya kumeza au kiasi huweza kurekebishwa. Usiache ghafla. Na ukipona usiache mwenyewe. Kwa kawaida huendelea kwa miezi kadhaa baada ya nafuu ili ugonjwa usirudi.

Niende wapi nikapate msaada?

Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu, useme wazi: "Nina wiki kadhaa sina hamu ya kitu, silali vizuri, na kazi za nyumbani zimenishinda." Hiyo sentensi ya mwisho iseme pia, humsaidia mhudumu kuona ukubwa wa jambo. Hospitali za rufaa za mikoa na Muhimbili zina kliniki za afya ya akili. Dodoma kuna Mirembe, Zanzibar Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari. Watu huogopa majina hayo kwa sababu ya yaliyosemwa juu yake tangu utotoni. Wengi wanaohudhuria kliniki hizo huja asubuhi na kurudi nyumbani mchana, na kadi zao mkobani kama wagonjwa wa presha.

Nataka pia mjue habari ya Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, kuwafunza bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza mgonjwa. Kwa Kishona wao husema *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, na sisi tungesema mawazo. Bibi humsaidia mtu kutaja shida zake zote, kisha achague moja tu, ndogo, ya kuanza nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliopita benchini walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipoisoma habari ile niliikumbuka sufuria yangu, na yule jirani aliyesimama pembeni wakati naifunua. Yeye hakuiosha wala hakunipa nasaha. Alishika taa.

Nimeanza kuwaza ni afadhali nisiwepo.

Acha kila kitu kilichoandikwa hapa, vyombo vikae. Nenda sasa hivi kwa mtu aliye karibu, umwambie maneno hayohayo, asikuache peke yako, mwende hospitali hata kama ni usiku. Namba ya dharura Tanzania ni 112. Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu kwa 1199. Sumu ya panya, dawa za wadudu na vidonge vya ziada mpe mtu mwingine akutunzie. Mawazo hayo ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili ya malaria, na yakitibiwa hupungua. Mimi nimeyapitia na nipo.

Nimepata nafuu, lakini naogopa itarudi. Nitaijuaje mapema?

Kila mtu ana kitu chake kinachotangulia. Kaa ukumbuke: mara ya mwisho, kabla ya yote, kipi kilianza kubaki? Kwa rafiki yangu ni kitanda. Kwa kaka mmoja niliyezungumza naye ni viatu vya kazi, anaacha kuvipiga rangi.

Kwangu ni kuanua. Naweza kufua, naweza kuanika, lakini ikianza kuja, jua linazama na kanga zangu bado ziko kambani. Nilimwambia yule mama niliyemwomba kubadilishiwa zamu ya choo. Siku hizi akitoka kufunga banda la kuku saa moja jioni hutupia jicho kamba yangu. Akizikuta, huzianua, huziweka begani, halafu hupiga hodi.